Kasha, Mchanga na Sufi: Habari za Mafundi wa Nyumbani Walioitengeneza Sauti

Nilipokuwa mtoto palikuwa na spika moja nyumbani kwa mjomba wangu, iliyotiwa katika kasha la mbao nyembamba lililokwisha kuchubuka rangi. Ilikuwa na ila moja kubwa: kila mwimbaji aliposhuka chini kwa sauti, kasha lilimjibu kwa mngurumo wake lenyewe, hata maneno ya wimbo yakazama humo. Mjomba aliuvumilia mngurumo huo muda mrefu. Siku moja alifungua skrubu za ubao wa nyuma, akafumua mto mmoja wa zamani, akaitandaza sufi yake juu ya kitambaa cha shashi, akaishona kama godoro dogo, na kuigongomea ndani ya kasha kwa misumari midogo. Jioni ile tuliposikiliza, mngurumo haukuwa umekwisha, lakini ulikuwa umepungua. Na mkaza mjomba akasema kwamba sasa aweza kuzisikia silabi za mwisho za kila ubeti. Kisha akauliza ni nani atakayemlipa mto wake.

Mjomba hakujua Kiingereza, wala hakupata kusikia habari za watu nitakaowataja katika insha hii. Walakini jambo alilolifanya lina historia ndefu, na historia hiyo haikutokea viwandani peke yake. Sehemu yake kubwa ilitokea katika vyumba vya chini ya nyumba, katika madarasa ya jioni, na juu ya meza za kushonea. Waandishi wa habari za uvumbuzi aghalabu huanza na kampuni na kumalizia na kampuni. Mimi nataka nijaribu njia nyingine, nianze na kasha.

Kwanza neno lenyewe. Vitabu vyetu husema kipaza sauti. Watu wa mitaani husema spika. Nimelichagua neno la mitaani kwa sababu neno la vitabuni limekwisha kupewa kazi mbili, kwani hutumika pia kwa chombo kile ambacho msemaji husemea mbele yake. Na mshika mbili, kama wasemavyo wazee, moja humponyoka.

Spika ya aina tuliyo nayo majumbani si kitu kigumu kukieleza. Msokoto wa waya mwembamba umewekwa katika mwanya wa sumaku; umeme wa muziki ukipita katika waya, msokoto husukumwa mbele na nyuma; na kwa kuwa umegandishwa kwenye koni ya karatasi, koni nayo husukuma hewa. Werner Siemens wa Ujerumani alieleza msokoto wa namna hiyo katika hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mwaka 1874. Oliver Lodge wa Uingereza alipata hataza yake mwaka 1898. Mwaka 1915 Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, pamoja na Edwin Pridham wa Marekani, walifanya kazi katika nyumba moja mjini Napa, California, wakaunganisha msokoto huo na pembe kubwa, na sauti ikasikika mbali mno. Kwa vyombo vya namna hiyo Rais Woodrow Wilson aliuhutubia umati mkubwa mjini San Diego mwaka 1919. Lakini pembe ni kwa ajili ya uwanja. Nyumbani ilihitajika spika ndogo yenye sauti ya kibinadamu, nayo ilipatikana mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walipochapisha makala yao juu ya koni isiyo na pembe. Spika nyingi mno zilizotengenezwa tangu hapo hata leo ni wajukuu wa koni hiyo.

Sasa yafaa msomaji asimame kidogo mahali hapa, kwa kuwa hapa ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo mafundi wa nyumbani wamepigana nalo kwa karibu miaka mia. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake huivuta hewa vilevile. Mawimbi mawili yanatoka kwa wakati mmoja, moja likipanda na jingine likishuka. Kwa sauti nyembamba si taabu, maana mawimbi yake ni mafupi nayo huenda mbele moja kwa moja. Lakini sauti nene ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Wimbi la nyuma huzunguka ukingo wa koni na kulikuta la mbele, yakauana. Ndiyo sababu spika iliyo uchi, ukiishika mkononi, hulia kama nzi ndani ya chupa hata ikiwa kubwa kama sahani ya kulia wali. Rice na Kellogg waliitia spika yao katika ubao mpana ili wimbi la nyuma lichelewe. Ubao wa kutosha kwa besi ya kweli, hata hivyo, ungekuwa mpana kama ukuta wa chumba. Watu wakaukunja ubao ukawa kasha. Na kasha, likiisha kuliokoa wimbi la mbele, likaanza kuimba nyimbo zake.

Kwamba chombo kitupu huimba si habari mpya. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi juu ya ujenzi, alitaja mitungi ya shaba iliyowekwa katika majumba ya michezo ili kuikuza sauti. Katika kuta za makanisa kadhaa ya kale ya Ulaya imekutwa mitungi ya udongo iliyojengewa humo, midomo yake ikielekea ndani. Mpiga zeze wetu naye hulikaza buyu kifuani, akilifungua na kulifunga kidogo kidogo, akijua kwa kifua chake mambo ambayo Hermann von Helmholtz aliyaeleza kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1863: kwamba hewa iliyomo shingoni mwa chombo ni kama uzito, na hewa iliyomo tumboni mwake ni kama kamani, na viwili hivyo kwa pamoja vina mtetemo wao maalumu. Tumbo likiwa kubwa, sauti huwa nene. Shingo ikiwa ndefu, sauti huwa nene zaidi.

Albert Thuras wa maabara ya Bell, Marekani, ndiye aliyelipa kasha la spika shingo ya mtungi. Aliomba hataza mwaka 1930, akaipata mwaka 1932. Alitoboa tundu la pili na kulitia bomba fupi. Na kwa vipimo vilivyo sawa, wimbi la nyuma lililokuwa adui likatoka bombani likiwa limegeuka, likaisaidia koni. Jambo hili ni zuri kulisoma na gumu kulifanya. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu wanajua hesabu, na wachache wanajua randa, natoa mfano mmoja. Kasha la lita 40 lenye bomba la kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa sentimita 12 litavuma kwa mitetemo karibu 41 kwa sekunde. Lirefushe bomba hilo lifike sentimita 20, na mvumo utashuka hata karibu 34. Bomba la karatasi ngumu linagharimu senti chache, na msumeno wa kulikata uko katika kila nyumba ya seremala. Lakini kwa miaka thelathini baada ya Thuras hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia fundi wa nyumbani ni mvumo upi ulioifaa spika aliyokuwa nayo mkononi. Alikisia tu. Akikosea, besi ilidunda kwa noti moja kama pipa tupu, kila wimbo ukapata ngoma ile ile.

Katika miaka hiyo ya kukisia alitokea mtu ambaye mimi humpenda kuliko wote katika habari hizi, naye ni Gilbert Briggs wa Yorkshire, aliyezaliwa mwaka 1890. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa biashara ya nguo katika nchi ya Bradford, mji uliotajirika kwa sufu ya kondoo, naye alipenda piano. Biashara ya nguo ilipodhoofika katika dhiki kuu ya miaka ya 1930, alikwenda katika chumba cha chini ya nyumba yake huko Ilkley, mwaka 1932, akaanza kusokota waya na kugandisha karatasi. Spika zake akazipa jina la bonde alilokaa, Wharfedale, yaani bonde la mto Wharfe.

Briggs alikuwa na tabia ya kujaribu kila kitu kwa mkono wake na kusema wazi alichokisikia. Aliona kwamba mbao za kasha hutetemeka pamoja na spika, na kwamba mtetemo huo ndio unaotia matope katika sauti. Akafanya nini? Alichukua mbao mbili nyembamba za plaiwudi, akaacha nafasi kati yake, akaijaza mchanga mkavu. Mchanga hauimbi. Chembe zake husuguana, na mtetemo hugeuka joto dogo lisilohisiwa. Tena aliwashauri wasomaji wake wajenge kasha la matofali katika pembe ya chumba, ambapo kuta mbili za nyumba tayari ni pande mbili za kasha, na mjenzi abakiwe na kazi ya upande wa mbele tu. Nadhani si kila mke wa Yorkshire aliifurahia shauri hiyo. Lakini katika vitabu vyake Briggs huandika habari za matofali kwa utulivu ule ule anaoandikia habari za Beethoven, na hapana hata mahali pamoja anapojifanya kuwa anajua zaidi ya masikio yake.

Mwaka 1948 alitoa kitabu chake kidogo juu ya spika, akaendelea kuandika vingine vingi, kikiwamo kimoja juu ya piano. Vitabu hivyo vilisomwa na watu waliokuwa na mshahara mdogo, waliotoka vitani wakijua kutia risasi ya kuungia waya na kutumia keekee. Jarida la Wireless World lilichapisha mwaka 1947 mchoro wa amplifaya ya D. T. N. Williamson, na watu wakaiunda juu ya meza zao za chakula. Mtu aliyeunda amplifaya kwa mkono wake hataki kununua kasha lililofungwa kwa gundi asiweze kulifungua. Alitaka spika peke yake, na ubao, na shauri la mtu kama Briggs.

Novemba 1954 Briggs alifanya jambo la ujasiri. Alikodi ukumbi wa Royal Festival Hall wa London, wenye viti karibu 3000, akaweka spika zake jukwaani karibu na wapigaji hai, na hadhira ikasikiliza muziki wa vyombo, kisha ule ule uliorekodiwa, ili kila mtu ahukumu mwenyewe. Ukumbi ulijaa. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya vivyo hivyo katika Carnegie Hall ya New York. Wapo waliosema kwamba maonyesho ya namna hiyo ni hila, kwa kuwa ukumbi wenyewe huisaidia spika, na chumba cha kulala si ukumbi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini fikira iliyokuwa nyuma ya maonyesho, kwamba mpimaji wa mwisho wa spika ni sauti ya mtu hai akiimba karibu nayo, sijaona mtu aliyeishinda.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, wakati ule ule, kazi nyingine ilikuwa inafanyika mezani pa kushonea. Edgar Villchur, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa amesoma historia ya sanaa. Vita vilimfundisha kutengeneza mitambo ya redio. Na baada ya vita alikaa Woodstock katika jimbo la New York, akifundisha somo la utoaji wa sauti katika chuo kikuu cha jiji. Yeye aliona kwamba kosa kubwa la spika za wakati wake lilikuwa katika ukingo wa koni. Ukingo huo ulikuwa mgumu ili uirudishe koni mahali pake, lakini kamani ya kitambaa kigumu au karatasi iliyokunjwa haivuti kwa usawa: ikivutwa kidogo hutii, ikivutwa sana hukataa, na katika kukataa kwake besi huchafuka. Hewa iliyofungwa ndani ya kasha dogo, kwa upande mwingine, ni kamani yenye usawa mkubwa. Basi kwa nini tusiulegeze ukingo wa koni kabisa, tukaiachia hewa kazi ya kuirudisha?

Alichukua spika kubwa ya zamani, akaukata ukingo wake wote. Mkewe, Rosemary, akachora umbo la ukingo mpya na kuushona kwa kitambaa cha kufunikia godoro. Spika ile, katika kasha dogo lililozibwa pande zote, ilitoa besi ambayo makasha makubwa kama makabati hayakuweza kuitoa. Nataka msomaji alitie moyoni jambo hili la kitambaa cha godoro, maana katika vitabu vingi vya uhandisi limefutwa, na jina la mshonaji limefutwa pamoja nalo.

Villchur alijaribu kwanza kuwauzia wenye viwanda fikira yake, wakamkataa. Mwaka 1954 aliungana na Henry Kloss, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake na aliyejua kutengeneza makasha, wakafungua kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts. Spika yao ya kwanza, AR-1, iliwashangaza watu kwa udogo wake. Hataza ilitoka mwaka 1956. Kisha kampuni ya Electro-Voice ikaanza kutengeneza spika za namna ile ile, shauri likafika mahakamani, na Villchur akashindwa, kwa sababu hataza ya awali ya Harry Olson na mwenzake wa kampuni ya RCA ilikuwa imekwisha kuitaja kamani ya hewa. Villchur hakukata rufaa. Tangu siku hiyo mtu yeyote, mwenye kiwanda au mwenye sebule tu, aliweza kuliziba kasha lake na kuulegeza ukingo wa koni yake pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Je, mahakama ilimtendea haki? Mimi naona kwamba sheria ilikuwa upande wa Olson, na ustadi ulikuwa upande wa Villchur. Kwani Olson aliitaja kamani ya hewa, lakini Villchur ndiye aliyeelewa kwamba kamani nyingine yapasa iondolewe. Lakini jibu la Villchur mwenyewe ni bora kuliko langu. Aliiuza kampuni yake mwaka 1967, akageukia vyombo vya kuwasaidia viziwi. Katika mwaka 1973 alichapisha njia mpya ya kukuza sauti katika vyombo hivyo, kila tabaka la sauti kwa kipimo chake, na kwa makusudi hakuiombea hataza. Aliiacha iwe ya watu wote. Alifariki mwaka 2011.

Nirudi kwenye sufi ya mjomba. Ndani ya kasha lililozibwa sufi hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuyachosha mawimbi yanayogonga ubao wa nyuma na kurudi kupitia koni, ambayo ndiyo husikika kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Ya pili ni ya ajabu zaidi: nyuzi hulipokea joto la hewa inapobanwa na kulirudisha inapoachwa, na hewa ikawa laini, kana kwamba kasha limepanuliwa. Nadharia inatoa mpaka asilimia 40 za upanuzi huo. Kazi ya mikono hupata chini sana ya hapo. Mwaka 1965 Arthur Bailey, mwalimu wa chuo cha ufundi cha Bradford, aliandika katika Wireless World juu ya kasha lenye njia ndefu iliyokunjwa, iliyojazwa sufu yenye nyuzi ndefu, ambamo wimbi la nyuma hutembea hata likachoka. Kwamba Briggs na Bailey wote wawili walitoka katika mji wa sufu sidhani kuwa ni jambo la bahati tupu. Kila nchi hujaza kasha lake kwa kile kilicho karibu, na sisi karibu yetu pana msufi.

Hapa sina budi kutoa onyo, maana nimeliona kosa hili mara nyingi. Kasha lenye bomba halijazwi. Sufi ikishindiliwa mbele ya mdomo wa bomba, shingo ya mtungi huzibwa, na besi iliyotafutwa kwa hesabu hufa. Katika kasha la namna hiyo kinatosha kitambaa kizito au sufi iliyoshonwa, ipigiliwe kutani tu. Wala sufi isiachwe wazi hata siku moja: nyuzi zake husafiri, zikauingia mwanya wa sumaku, na hapo spika hukwaruza mpaka mwisho wa maisha yake.

Zama za kukisia zilikwisha Australia. Neville Thiele, mzaliwa wa Brisbane, alichapisha mwaka 1961, katika jarida la wahandisi wa redio wa nchi yake, makala yaliyoonyesha kwamba spika na kasha lenye bomba ni kitu kimoja kwa hesabu, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kutatuliwa na watu wa mitambo ya simu waliokuwa wakichuja umeme. Alitoa jedwali la namna 28. Mtu akizijua tabia tatu za spika yake, yaani mvumo wake wa asili, ukali wa mvumo huo, na kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na ukingo wake, aweza kusoma katika jedwali ukubwa wa kasha na urefu wa bomba. Kwa miaka kumi makala hayo yalikuwa kama kisima jangwani, maji yamo na msafara wapita mbali. Mwaka 1971 yalichapishwa tena Marekani. Na katika mwaka 1972 na 1973 Richard Small, Mmarekani aliyekuwa akisoma Sydney, akaikamilisha kazi hiyo. Leo tabia hizo zinaitwa kwa majina yao wawili, na huandikwa katika karatasi inayofuatana na spika.

Na spika isiyo na karatasi je, kama zile za kuokota katika redio zilizovunjika? Hizo hupimwa nyumbani. Hutakiwa chombo cha kutoa mitetemo, ambacho siku hizi ni programu ya bure katika simu au kompyuta, kizuizi cha umeme cha thamani ijulikanayo, na mita. Mvumo wa asili hutafutwa kwanza. Kisha kipande cha udongo wa kuchezea chenye uzito uliopimwa hubandikwa katikati ya koni, mvumo ukatafutwa mara ya pili. Na kutoka katika tofauti ya namba hizo mbili ulaini wa ukingo hupatikana. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha tano wakifanya kazi hiyo kwa alasiri moja, na hapana hata mmoja aliyekuwa amepata kumsikia Thiele.

Lakini namba za Thiele haziwezi kusema lolote juu ya ubao, na juu ya ubao mabwana wa sauti hawakuafikiana. Briggs alitaka uzito: mchanga, matofali. Watafiti wa BBC, hasa H. D. Harwood na wenzake, walikwenda njia nyingine kabisa. Walichukua plaiwudi nyembamba na kuibandika ndani mikeka mizito ya lami. Hoja yao ilikuwa kwamba ubao mzito hautetemeki kidogo tu, bali hutetemeka mahali pabaya, katikati ya sauti ya mwanadamu ambapo sikio ni kali. Ubao mwembamba hutetemeka chini zaidi, na lami huweza kuunyamazisha kwa urahisi. Spika ndogo ya BBC iitwayo LS3/5A, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, ilijengwa kwa plaiwudi ya milimita 12, nayo ilisifiwa hasa kwa ukweli wa sauti ya msemaji. Mimi huelekea upande wa BBC, ikiwa mtu ana kasha dogo na sauti ya msemaji ndiyo aitakayo. Lakini sikubali kuwacheka watu wa mchanga. Sijapata kusikia kasha la mchanga likinguruma.

Jambo jingine ambalo macho hayalioni ni kona za kasha. Harry Olson, yule yule wa hataza, alichapisha mwaka 1951 vipimo vya spika moja iliyotiwa katika maumbo mbalimbali. Tufe lilikuwa laini kuliko yote. Mchemraba wenye spika katikati ya uso wake ulikuwa mbaya sana, kwa sababu wimbi linapofika ukingoni hukutana na shimo la ghafula, na ukingo ukawa kama spika ya pili inayonong'ona kwa kuchelewa. Fundi asiyeweza kuunda tufe aweza kuzipiga randa na msasa kona za mbele mpaka ziwe mviringo, na kubandika kitambaa cha sufu nzito kuizunguka spika ndogo ya sauti nyembamba. LS3/5A ilivalishwa kitambaa hicho.

Katika jambo moja nina kinyongo, nami nitalisema. Baada ya miaka ya 1970 walizuka wauzaji wa miujiza: nyaya za bei ya ng'ombe, vijiwe vya kuweka juu ya kasha, na vibandiko vinavyodaiwa kuusafisha umeme. Mnunuzi hulipa, husikiliza, husikia tofauti, naye hasemi uongo, amesikia kweli. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwaketisha wasikilizaji 40 mbele ya spika kadhaa, mara moja pazia likiwa limefungwa, mara nyingine likiwa wazi. Pazia lilipokuwa wazi hukumu zilibadilika, zikafuata ukubwa, bei na jina la kila spika. Macho yalisaidia kusikiliza. Basi afanyaye marekebisho nyumbani yampasa amtafute msaidizi asiyejua ni kipi kilichobadilishwa.

Kwetu pwani kasha lina adui wawili wengine ambao Briggs hakuwajua vizuri, ndio unyevu na joto. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa huvimba na kupasuka kona. Na zile spika ambazo ukingo wake ni sponji, aina iliyopendwa sana tangu miaka ya 1970, huharibika zenyewe hata zisipopigwa: sponji hugeuka kama mkate wa jana, ikidondoka kwa kuguswa. Mwenye nazo hudhani kwamba spika imeungua, huitupa, akanunua mpya iliyo duni. Nayo haikuungua. Ukingo mpya wa mpira, gundi, na vipande vinne vya karatasi ngumu vya kuushikilia msokoto katikati ya sumaku hadi gundi ikauke, vinatosha kuirudishia miaka ishirini.

Na chumba chenyewe? Sakafu ya saruji, kuta tupu na dari ya bati hurudisha kila kitu kama ukuta unavyorudisha mpira. Kasha likisukumwa pembeni mwa chumba, besi huongezeka, kwa kuwa sauti hubanwa na kuta mbili na sakafu. Paul Klipsch wa Marekani aliitumia pembe ya chumba kwa makusudi katika spika yake ya mwaka 1946. Lakini kasha linalonguruma likivutwa nusu mita kutoka pembeni hupata nafuu pasipo gharama yoyote, na kabati la vitabu au pazia zito katika ukuta wa mkabala humaliza nusu ya makelele yaliyobaki. Hili ndilo ningelianza nalo kabla ya kugusa skrubu.

Kasha la mjomba liko kwangu sasa. Nililifungua mwaka juzi ili nibadilishe ukingo wa koni, nikakuta sufi imeshikana kama ukoko, na upande mmoja panya wamejitwalia haki yao. Nilipoiondoa niliona katika ubao wa ndani, kwa penseli, mistari mitatu iliyopigwa kwa rula, kila mmoja na unene wake kwa inchi: moja, mbili, tatu. Mjomba hakujaribu mara moja, kama nilivyoamini miaka yote. Kando ya mstari wa pili ameandika jina la mkewe, na neno moja: jikoni. Nilimwuliza mkaza mjomba, ambaye bado yu hai, maana yake nini. Alisema kwamba mjomba alikuwa akimwacha apike, akapiga wimbo ule ule mara tatu, kisha akaja kumwuliza ni mara ya ngapi alipomsikia mwimbaji vizuri.